Konokono wa Mwalimu Pantaleo

Ukitaka kujua kwa nini dunia haiendi mbele, njoo ukae nasi saa mbili asubuhi nje ya duka la Mhindi, hapa njia panda, mahali gari la Kishapu linaposimama kuchukua watu wa Shinyanga. Pana benchi la mninga ambalo halijawahi kupigwa randa, lakini ni laini kwa makalio ya watu wasio na haraka. Mbele ya benchi Bi Mwamvua wa Tabora huweka jiko lake, birika na sinia la kashata. Nyuma, barazani, nipo mimi, fundi Gregory, na cherehani yangu. Mimi sikai benchi, nasema mapema mtu asije akanihesabu pamoja na wale. Mimi nashona. Ila masikio siwezi kuyashona.

Wenye benchi ni watatu. Mabula tunamwita Baruti, kwa sababu alisukuma vigari vya mawe mgodini Geita miezi minane, akarudi na kofia ngumu na elimu ya mambo yote ya chini ya ardhi, ya juu ya ardhi akajiongezea mwenyewe. Donatus tunamwita Shahidi. Hakuna kesi katika baraza la mtemi ambayo hajaitolea ushahidi, na hakuna hata moja aliyoiona. Wa tatu ni Maganga, yaani Burma. Vitani alikwenda, ni kweli, na medali anayo. Alikuwa akimenya viazi, lakini ukimsikiliza utadhani vile viazi vilikuwa na bunduki.

Ijumaa ile, mwaka wa hamsini na tatu, benchi lilikuwa na mgeni. Chupa. Chupa ya kioo, maji safi ndani, na konokono watano wadogo wamejibandika ubavuni. Pembeni yake kioo cha kukuzia, kile kioo kinene cha duara ambacho ukikiweka juu ya siafu unamwona mkubwa kama nge, kimefungwa kamba kwenye mpini. Aliyeviacha ni Mwalimu Pantaleo, kijana Msumbwa mwembamba anayefundisha darasa la tatu. Alipita asubuhi ile, akaamkia kila mtu kwa zamu, akasema:

— Baba Bujiku, gari linapita saa nne. Wenzake wanne wazazi wao wamekubali, bado Bujiku tu. Naenda kuwaandaa, nitarudi kusikia neno lako. Wazee wangu, jua likishaipiga hii chupa, tazameni kwa kioo. Ila msitie mkono majini.

Baba Bujiku ndiye Baruti. Na ili uelewe neno lililokuwa linatakiwa kwake, lazima nikueleze masomo ya mwalimu huyu, ambayo yalitunyima usingizi tangu Januari. Sisi tulisoma kwa kuimba. A, e, i, o, u, fimbo, tena a, e, i, o, u, mpaka sauti zikauke, na tazama tulivyoelimika. Yeye huyu hawaimbishi. Anawatoa nje. Aliwapandisha maharage ndani ya makopo yenye pamba iliyoloweshwa, kila mtoto kopo lake, eti waone mzizi unavyotangulia kabla ya jani. Aliwafanya wahesabu miguu ya buibui. Kisha akawapeleka lambo, lile bwawa serikali ilichimba kwa ajili ya ng'ombe, na vijiko vimefungwa kwenye fimbo ndefu, wakachota konokono. Wakawaweka juani, wakatazama kwa kioo mmoja mmoja, wakaona wadudu wanatoka kwa konokono. Mwalimu akawaambia hao ndio wa kichocho, wanamwingia mtu anapooga lambo, na mtu akishaingiwa anakojoa damu. Halafu akauliza nani anakojoa damu. Wavulana watano wakanyoosha mikono, tena kwa fahari, na mmoja wao ni Bujiku. Mwalimu anataka kuwapeleka hospitali ya Kolandoto wakachomwe sindano.

Kwa nini fahari? Kwa sababu huku kwetu mvulana akianza kuona nyekundu kwenye mkojo, ndiyo amekomaa. Ndivyo tulivyoambiwa na baba zetu. Bujiku ana miaka kumi na mmoja, ndiye mtoto pekee wa Baruti, na Baruti alipopata habari alirukaruka kama mtu aliyeokota jiwe lenye dhahabu. Mbuzi alishafungwa nyuma ya nyumba. Jumatatu mtoto anaacha shule, maana mwanaume hapandi maharage makoponi wala hahesabu miguu ya buibui. Anakabidhiwa ng'ombe wa mjomba wake, anakwenda kuwachunga huko huko lambo, aoge, anywe, akue.

Kwa hiyo mtoto ama apande gari saa nne, ama aingie lambo Jumatatu. Na baba yake, badala ya kuuliza nyumbani kwake, akaja kuuliza benchi.

— Nkoi zangu, rafiki zangu, nishaurini, alisema Baruti, akipuliza kahawa. Mwalimu anamtaka Bujiku. Nimpe, nisimpe?

— Kesi haianzi katikati, alisema Shahidi. Kwanza tujue konokono ni wa nini.

— Wa kula, alisema Burma.

— Nani anakula konokono?

— Wafaransa. Niliwaona vitani.

— Huko Burma kulikuwa na Wafaransa? aliuliza Bi Mwamvua.

— Walikuwa wanapita.

Shahidi alitua kikombe, akakohoa. Akikohoa hivyo ujue ushahidi umefika.

— Basi mwalimu anawala. Juzi jioni moshi ulitoka nyumbani kwake, na buchani hakuonekana. Nimeona kwa macho yangu.

— Ulikuwepo?

— Alikuwepo shemeji yangu.

— Huo ulikuwa moshi wa maharage, alisema Bi Mwamvua. Kibaba kizima nilimuuzia mimi.

— Maharage ni ya kufunikia tu. Asiyekuwepo na lake halipo!

Nilisimamisha cherehani nione hiyo methali inaelekea wapi. Haikuelekea popote. Ilikaa pale katikati yetu, Shahidi akaitazama kwa upendo.

— Hamjui kitu nyie, alisema Baruti. Mimi nimekaa Geita. Kule mawe yakishasagwa yanatiwa chokaa, ndipo dhahabu inakubali kutoka. Bila chokaa haitoki ng'o. Sasa niambieni, gamba la konokono ni nini?

— Gamba, alisema Burma.

— Ni chokaa! Lisage, ni chokaa tupu! Yaani watoto wetu wanafanyishwa kazi ya mgodi bila posho, magunia na magunia ya konokono, na sisi tunaitikia marahaba tu.

— Magunia? Bi Mwamvua alielekeza koleo la mkaa kwenye chupa. Mbona nawaona watano?

— Hao ni sampuli, mama. Mgodini hawaanzi na lundo, wanaanza na sampuli.

Hapo ndipo alipofika yule mwanamke. Alitokea njia ya Kishapu, kanga mbili, vumbi hadi magotini, amemshika mkono binti mdogo aliyekuwa akitembea taratibu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Gari la Shinyanga limeshapita?

— Bado, mama, kaa, alisema Burma, akamsogezea kipande cha benchi cha kutosha kuku mmoja.

Mama akakaa, mtoto akamlalia mapajani. Bi Mwamvua akawapa maji ya kunywa. Hakuna aliyewauliza wanatoka wapi wala wanakwenda kufanya nini, maana benchi letu haliulizi watu. Linajibu.

— Mnatazama karibu mno, alisema Burma, akiinua kidevu kama yuko kwenye gwaride. Sisi jeshini tulifundishwa kutazama mbali. Serikali ilianza na nini? Na ng'ombe. Ikawahesabu, ikasema wamezidi, punguzeni. Ikaja pamba. Ng'oeni mashina, chomeni, tarehe fulani isipite. Sasa wamefika kwa konokono. Wanawahesabu kila lambo, kwa kuwatumia watoto ili tusishtuke. Wakionekana wamezidi, lambo linafungwa. Lambo likifungwa, ng'ombe wanakufa. Ng'ombe wakifa, utaoa kwa mahari gani? Usipooa, huzai. Hii ni vita, mabwana! Wanatumaliza bila risasi.

— Kwa konokono watano, alisema Bi Mwamvua.

— Mjapani alianza na wachache zaidi.

Sasa mtu mwenye akili angesema, jamani, chupa ipo hapa, kioo kipo hapa, jua linapanda, tutazame. Watu hawa waliijadili ile chupa nusu saa nzima kana kwamba iko Ulaya. Shahidi alikuwa ameshasogea mpaka paja moja liko nje ya benchi, konokono wasimrukie.

— Tuache konokono, alisema Baruti. Mimi nataka kujua hii habari ya damu. Mwalimu ananiambia mdudu anatoka kwa konokono, anaogelea, anapita kwenye ngozi ya mtoto, anakwenda kukaa kibofuni. Nikamuuliza, mwalimu, anapita kwenye ngozi, mlango uko wapi?

Wakacheka. Burma akajipiga paja. Nami nilicheka, nisiseme uongo. Lilikuwa swali zuri kwa mtu asiyetaka jibu.

— Halafu tazama, Baruti akaendelea, lambo limechimbwa mwaka gani? Arobaini na nane. Mimi nimeanza kuiona damu kabla ya vita. Basi konokono wa lambo wana kosa gani?

— Na kabla ya lambo mlikuwa mnaoga wapi? aliuliza Bi Mwamvua.

— Dimbwini, kule bondeni.

— Konokono walikuwepo?

— Tele! Ila wale walikuwa wa kwetu, wa kienyeji.

— Hapo sawa, alisema Shahidi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wahenga wenyewe wameamuru tuoge. Mwalimu ni nani awapinge wahenga?

— Mimi nilianza na miaka kumi na miwili, alisema Baruti. Baba alichinja jogoo. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

— Mimi kumi na mmoja, alisema Burma.

— Mimi kumi, alisema Shahidi, ambaye katika kila shindano husubiri wenzake waseme kwanza.

Mimi hawakuniuliza, lakini nilikumbuka. Mimi nilichelewa. Wenzangu wote walishaona, mimi sijaona, nikawa naitwa dada. Nilikwenda dimbwini kila siku, nikikaa majini mpaka vidole vinakunjamana, nikiomba Mungu. Siku ilipotoka nililia kwa furaha. Nikiwa nashona nilikuwa nalifikiria jambo hilo, na kwa mara ya kwanza halikuniletea furaha.

— Damu ni nzito kuliko maji, Shahidi alihukumu. Ikitoka pamoja na maji, maana yake kijana ana nguvu hadi zinamwagika.

— Kwa hiyo kuku ukimchinja ndiyo anapata nguvu zaidi? aliuliza Bi Mwamvua.

— Mama, haya ni mambo ya wanaume.

— Naona. Ndiyo maana yana akili nyingi.

Baruti alijipiga kifua.

— Wenzangu ilishakoma zamani. Mimi mpaka leo naiona! Asubuhi hii nimeiona. Miaka arobaini na mbili, bado dume.

Burma alitazama chini. Nilidhani ni wivu, na ulikuwa wivu.

— Mimi walininyang'anya, alisema. Jeshini. Daktari alinipa chupa, akasema kojoa humu. Nikakojoa. Akaipeleka chumbani, akarudi amekunja uso. Wiki nne nzima nachomwa sindano, natapika, mkono umevimba. Tangu siku ile sijaiona tena.

— Mnasikia? Baruti alisimama. Mnasikia wenyewe? Walimwondolea uanaume! Na ndicho wanachotaka kumfanyia mwanangu!

— Bwana Burma, alisema Bi Mwamvua, akimwongezea kahawa, samahani. Kabla ya hizo sindano ulikuwa na watoto wangapi?

— Hata mmoja. Miaka mitano ya ndoa.

— Na baada ya vita?

— Saba.

— Uanaume wako wameuondoa, halafu ukapata watoto saba.

— Ndiyo, alisema Burma kwa uchungu. Hebu fikiria ningekuwa nao!

Bi Mwamvua alifunika birika, akaangalia mbinguni, kwa Mola wake, kama mtu anayeomba kuhamishwa. Nami hapo nilidhani watashtuka. Hesabu ya darasa la kwanza ilikuwa imelala pale benchini, sufuri na saba. Waliipita kushoto na kulia. Shahidi akasema samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo Bujiku asipelekwe, atakunjwa.

Jua sasa lilikuwa limefika kwenye chupa. Maji yaling'aa.

— Haya, wanaume, alisema Bi Mwamvua. Kioo hicho hapo. Mwalimu kasema tazameni. Au mnaogopa konokono?

Burma, kwa kuwa ana medali, alitangulia. Alikibandika kioo kwenye jicho lenyewe, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

— Naona msitu, alisema. Nyasi ndefu, nyeusi, zinapanda na kushuka.

— Hizo ni kope zako, alisema Bi Mwamvua.

— Shahidi, zamu yako, alisema Burma.

— Mimi sitazami, alisema Shahidi. Nikitazama nitalazimika kusema nilichokiona, na mimi sijazoea.

Hilo ndilo neno la kweli pekee alilowahi kusema, na hakulijua.

— Hata mimi sitazami, alisema Baruti. Kioo kile kimekuja na wadudu wake ndani. Ukitazama ugali utaona wadudu, ukitazama Biblia utaona wadudu. Ndiyo kazi yake. Mwiteni fundi. Fundi ana macho, anatunga sindano bila miwani.

Nikaenda. Sikutaka, lakini nikaenda. Nilipiga magoti mbele ya benchi, nikaweka kioo karibu na chupa kama mwalimu alivyowaonyesha watoto. Kwanza sikuona kitu. Maji tu, na jua. Nikasogeza kidogo. Karibu na konokono mmoja, yule wa chini, nikaona vumbi. Kisha vumbi likajipinda. Vilikuwa vipande vidogo vya uzi, kila kimoja kina mkia, na mkia umepasuka ncha mbili, vinapanda juu kwa kujirusha, vinatulia, vinazama, vinapanda tena. Vingi, siwezi kuhesabu. Vilikuwa vinatafuta kitu. Nikakumbuka nilivyokuwa nakaa dimbwini jioni nzima, nimetulia, nasubiri niwe mwanaume.

— Umeona nini? aliuliza Baruti. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

— Kuna vitu. Kama nyuzi. Vinatembea.

— Nyuzi! Burma aliangua kicheko. Fundi kaona nyuzi! Mpeni mpishi atazame, ataona vitunguu!

— Si ungeona na vifungo? alisema Shahidi.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Baruti naye alicheka, lakini alikuwa ananitazama mimi usoni.

— Fundi, ni nyuzi kweli, au macho yamechoka?

Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, si kwa ya shemeji. Lakini wote walikuwa wananicheka, na mimi mtu akinicheka narudi kuwa yule mtoto aliyeitwa dada. Nikasema:

— Labda yamechoka.

Nikarudi kwenye cherehani yangu, nikashona mfuko wa suruali ya watu upande wa nje. Ule mwanzo niliposema mtu asinihesabu na wale wa benchini, haya, nihesabu tu. Nilistahili kukaa katikati yao.

— Basi nimeamua, alisema Baruti, na alionekana amepumua. Bujiku haendi.

Hakumaliza kahawa kabla mwalimu hajatokea upande wa shule, na watoto watano nyuma yake wamepanga mstari, kila mmoja na kifurushi chake. Bujiku alikuwa wa mwisho. Kifurushi alikuwa nacho kama wenzake, mama yake alishamfungia bila kungoja uamuzi wa benchi. Aliangalia vidole vya miguu yake.

— Mwalimu, alisema Baruti akiwa amesimama, maharage umefundisha vizuri. Hata buibui, sina neno. Lakini hapa unaingia kwenye uanaume wa watu. Damu hii ndiyo inayomtoa mtoto utotoni. Baba yangu aliiona, mimi nimeiona, mwanangu ameiona. Ukiikausha, utanirudishia nini? Haendi. Wazee wote hapa ni mashahidi.

— Ni kweli, alisema Shahidi.

— Ni kweli, alisema Burma, taratibu kidogo.

Mimi sikusema kitu, na kutosema kwangu kulihesabika kuwa ni kweli ya tatu. Mwalimu Pantaleo alikuwa amezunguka nyumba tano kwa siku nne kuomba ruhusa, na macho yalikuwa mekundu kwa usingizi. Alimwekea Bujiku mkono begani, akauondoa.

Ndipo yule mama wa mwisho wa benchi akasema. Hakusimama, maana mtoto alikuwa bado amemlalia.

— Samahani, ndugu zangu. Mimi ni mpita njia, nimewasikia tu. Sikutaka kuingia maneno ya wazee.

— Sema, mama, alisema Baruti.

— Huyu mwanangu anaitwa Serafina. Ana miaka tisa. Kazi yake ni kuteka maji lambo na kufua nguo za wadogo zake. Mwezi wa tatu huu anakojoa damu. Akamfunika mtoto mguu kwa kanga. Nilikuwa nauliza tu, kama mnajua. Naye anakuwa mwanaume?

Hakuwa anawakejeli. Laiti angekuwa anakejeli, wangemjibu, wale kwa kejeli hawashindwi. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Shahidi alianza:

— Hapo kuna…

Akaishia hapo. Akakohoa, lakini ushahidi haukuja. Burma alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, midomo inatembea, na alipofika saba akaacha mkono hewani. Yule binti alikuwa ameamka, alituona wote tunamtazama, akaficha uso tumboni kwa mama yake.

— Anaumwa? aliuliza Baruti.

— Akienda haja analia, baba. Usiku ndiyo zaidi. Nami nilimpiga mwanzoni, nikidhani ni deko.

Baruti akageuka, akaenda mpaka mwisho wa ule mstari wa watoto, akachuchumaa mbele ya mwanawe. Baruti si mtu wa kuchuchumaa mbele ya mtoto.

— Bujiku. Wewe ukienda haja, inauma?

Mtoto akamtazama mwalimu, akatutazama sisi wa barazani, akarudi kwenye vidole vyake.

— Ndiyo, baba.

— Sana?

— Sana.

— Tangu lini?

— Tangu wakati wa kupalilia pamba.

— Mbona hukuniambia?

Bujiku alichora vumbini kwa kidole cha mguu.

— Ulifurahi sana, baba.

Nimeshona nguo za watu miaka ishirini, nimesikia mengi barazani hapa, misiba na talaka. Neno lile lilinichoma nikashindwa kukanyaga cherehani. Baruti hakuinua uso. Aliendelea kuchuchumaa, akafunga upya fundo la kile kifurushi cha mtoto, na fundo halikuwa limefunguka. Vumbi la gari lilikuwa limeshaonekana upande wa Kishapu.

— Mwalimu, alisema akiwa bado ameinama, kule Kolandoto watu wazima nao wanatibiwa?

— Wanatibiwa, Baba Bujiku.

— Hizo sindano zinauma?

— Zinauma.

— Zaidi ya hii?

Mwalimu akasema hajui, maana yeye hakuwahi kukojoa damu. Gari likasimama. Baruti alimpokea yule mama binti yake, akampandisha, kisha akamshika mwanawe makwapani akampandisha, akapanda na yeye, akakaa kwenye magunia ya pamba akiwa amemweka Bujiku katikati ya magoti yake. Hakutuaga, na hakuna aliyemuuliza kama ameamua.